Mtoto ana mabaka ya rangi ya kahawa: hatua za kufuata nyumbani na hospitalini

Mtoto wa Lamu hakaguliwi na mkunga peke yake. Akishatoka arubaini, kila shangazi na kila bibi atakayempakata atamgeuzageuza, na kama ana baka la rangi ya chai ya maziwa pajani au mgongoni, halitapita bila kusemwa. Mmoja atasema mamake alijikuna mwezi ulipopatwa. Mwingine atasema ni uchu wa mimba ambao haukutimizwa. Wa tatu atalitazama lile kubwa kuliko yote, atikise kichwa, aseme mtoto akasomewe.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na sina ugomvi na kisomo. Dua haijawahi kumdhuru mtoto. Ninachogombana nacho ni kule kulitazama baka moja kubwa na kuyasahau madogo. Mama mwenye mtoto wa baka moja lililotanda tumboni huja na machozi. Mama ambaye mwanawe ana mabaka manane madogo, yametawanyika mgongoni na miguuni, huja kwa chanjo, hupimiwa uzito, hurudi nyumbani, na hakuna aliyesema neno. Kwa mabaka ya aina hii, idadi ina uzito kuliko ukubwa. Mwongozo huu ni wa kukuonyesha namna ya kuyahesabu, nini cha kutazama zaidi ya ngozi, na lini upande boti kwenda kumwona daktari.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni baka lenyewe

Baka tunalolizungumzia ni bapa kabisa. Funga macho, pitisha kidole juu yake, hutajua linaanzia wapi. Rangi yake ni moja kutoka ukingo hadi ukingo, kahawia iliyokoza kidogo kuliko ngozi inayolizunguka. Kwa mtoto mweupe huwa kama chai ya maziwa, kwa mtoto mweusi hukaribia kahawa yenyewe. Haliwashi, halitoi magamba, halina nywele zaidi ya zile za ngozi ya pembeni. Mengine mtoto huzaliwa nayo, mengine hujitokeza miaka ya mwanzo, na hukua pamoja na mtoto: la sentimita moja kwa mtoto mchanga litaonekana kubwa zaidi akianza shule, na hiyo si dalili ya kuwa linaenea. Madaktari huliita kafe-ole. Sababu yake ni kwamba chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, melanini, zimezidisha kazi mahali hapo. Si jeraha, si sumu, si jambo alilolifanya mama, na halibadiliki kuwa saratani ya ngozi.

Sasa yale yanayochanganywa nalo. Baka la rangi ya buluu au kijivu matakoni na kiunoni mwa mtoto mchanga ni kitu kingine. Watoto wetu wengi sana huzaliwa nalo na hufifia lenyewe kadiri miaka inavyokwenda. (Mwombe daktari au muuguzi aandike kwenye kijitabu cha kliniki kwamba lipo tangu kuzaliwa, maana kuna siku mtu asiyelijua atalidhania ni alama ya kipigo.) Baka jeusi lililoinuka na lenye nywele ni la aina nyingine, nalo likiwa kubwa linataka daktari wa ngozi kwa sababu zake. Jekundu la rangi ya divai ni la mishipa ya damu. Alama za kahawia zilizobaki baada ya upele wa joto, kuumwa na mbu au kuungua si mabaka ya kuzaliwa, na watoto wa pwani wamejaa alama hizo miguuni. Ukizihesabu utajitia hofu ya bure. Choa na fangasi nyingine huwa na magamba na huwasha.

Na kama baka ni jeupe kuliko ngozi, si kahawia, liweke kando na mwongozo huu lakini usilipuuze. Mabaka meupe kadhaa kwa mtoto mwenye degedege yanahitaji daktari upesi. Baka lililopauka, lililojitokeza baada ya kuzaliwa na ambalo mtoto hahisi ukiligusa kwa ncha ya pamba, lipelekwe hospitali likapimwe ukoma, ambao una dawa na unapona.

Hatua ya pili: hesabu kwenye mwanga wa kweli

Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene na vyumba vya giza. Usihesabu chumbani kwa taa. Mtoe mtoto kwenye kiwanda, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, mwendo wa saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia lakini halijawa kali. Awe ameoga na amekauka, na usimpake mafuta ya nazi kwanza, kwa sababu ngozi inayong'aa huficha mabaka yaliyofifia. Mlaze kwenye mkeka, juu ya kanga ya rangi moja au shuka jeupe.

Chukua daftari la shule. Chora mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Hata mchoro wa kitoto unatosha. Chukua rula yenye milimita. Anza kichwani: tenganisha nywele, tazama nyuma ya masikio, shingo, kisha kifua, mgongo, mikono, makwapa, tumbo, makalio, kinena, mapaja, nyuma ya magoti, nyayo. Kila baka utakalolikuta, lipime pale lilipo refu zaidi, lichore mahali pake na uliandikie namba na milimita zake. Andika tarehe juu ya ukurasa.

Utaona yapo mengine madogo sana. Yachore, lakini usiyatie kwenye hesabu. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, linalohesabiwa ni lile linalozidi milimita 5. Kwa aliyebalehe na kwa mtu mzima, ni lile linalozidi milimita 15. Vipimo hivyo havikutokana na kukisia. Ndivyo vilivyokubaliwa na wataalamu waliokutana Marekani mwaka 1987, na marekebisho ya mwaka 2021 yameviacha kama vilivyo.

Ukitaka kupiga picha, piga bila flashi, rula ikiwa ndani ya picha pembeni ya baka. Kisha picha hizo zikae kwenye simu yako. Nimeona mwili wa mtoto mzima ukizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili kila mtu atoe maoni yake. Mtoto ana sitara yake hata akiwa na miezi sita, na maoni ya kundi hayajawahi kupima milimita.

Hatua ya tatu: soma hesabu yako

Moja, mawili au matatu: watu wengi wenye afya zao wanayo. Watoto weusi huwa nayo zaidi kuliko weupe, na hakuna dawa wala kipimo kinachotakiwa. Yataje kwa muuguzi siku ya kliniki ayaandike, kisha endelea na maisha.

Manne au matano: usikimbie, wala usisahau. Rudia kuhesabu kila baada ya miezi sita mpaka mtoto avuke miaka mitatu au minne. Mabaka huendelea kujitokeza mwanzoni mwa maisha, na hesabu ya mtoto wa miezi mitatu si hesabu ya mwisho.

Sita au zaidi: mpeleke kwa daktari. Si kwa sababu una hakika ni ugonjwa, bali kwa sababu sita ndiyo mstari ambao daktari huanza kuutafuta ugonjwa uitwao nyurofibromatosisi ya aina ya kwanza, kwa kifupi NF1. Huo humpata mtu mmoja katika kila 3,000 hivi, wa kila taifa na kila rangi. Daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliueleza mwaka 1882, na jeni yake, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, ilipatikana mwaka 1990. Jeni hiyo kazi yake ni kuzuia chembe zisizaliane kupita kiasi. Ikiharibika, breki inalegea: mabaka hutokea kwenye ngozi, vinundu laini huota kwenye neva, na wakati mwingine mifupa, macho au masomo huguswa.

Kuna sura tatu ambazo hazifuati hesabu hii, na hizo zimenifundisha kutotegemea namba peke yake.

Ya kwanza ni baka moja kubwa lenye kingo zilizochongokachongoka, mara nyingi upande mmoja wa mwili, ambalo hukomea ghafla kwenye mstari wa katikati ya mgongo au tumbo kana kwamba lilikatwa. Mabaka ya NF1 kwa kawaida yana kingo laini. La kuchongoka linaweza kuandamana na ugonjwa wa McCune-Albright, ulioelezwa miaka ya 1930, ambao hulainisha mifupa ikavunjika ovyo na kuwabaleghesha watoto kabla ya wakati. Ni nadra kuliko NF1, na haurithiwi. Binti wa miaka mitatu mwenye baka la namna hiyo akitokwa na damu ya ukeni au akianza kuota matiti, usiulize ni nani amemfanya nini kabla daktari hajamwona. Huenda ni homoni. Daktari ataangalia yote mawili, na ni haki ya mtoto ayaangalie yote mawili.

Ya pili ni mabaka mengi yaliyorundikana sehemu moja tu, mkono mmoja au ubavu mmoja, na kwingine hakuna kitu. Hiyo yaweza kuwa NF1 iliyoshika kipande cha mwili peke yake. Mara nyingi ni nyepesi, lakini ionwe.

Ya tatu ni nzito, nami naitaja kwa sababu huku kwetu binamu huoana. NF1 yenyewe haitokani na ndoa ya ndugu, tafadhali msiwatwike wazazi mzigo huo. Lakini kuna ugonjwa mwingine nadra, wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, unaotoa mabaka yanayofanana na ya NF1 na unaoleta saratani utotoni: ya ubongo, ya damu au ya utumbo. Basi ikiwa mtoto ana mabaka mengi, wazazi ni ndugu, na katika ukoo kuna mtoto aliyefariki kwa saratani, mwambie daktari mambo hayo matatu kwa pamoja. Ukiyatoa moja moja hayatamwambia kitu.

Hatua ya nne: tazama zaidi ya mabaka

Mabaka sita peke yake hayatoshi kuitwa NF1. Daktari anataka dalili mbili au zaidi, na nyingi kati ya hizo mzazi anaweza kuzitazama mwenyewe kabla hajatoka nyumbani.

Anza na makwapa na kinena. Vidoa vidogo vidogo vilivyomwagika mahali ambapo jua halifiki, vya milimita moja hadi tatu, ni dalili yenye nguvu. Kwa kawaida huanza kuonekana kati ya miaka mitatu na mitano, kwa hiyo kutoviona kwa mtoto mchanga hakumaanishi kitu. Viko vile vile kwenye mikunjo ya shingo na chini ya matiti kwa wakubwa.

Kisha miguu. Mtoto akianza kusimama, tazama muundi. Matege ya kawaida, na yale ya ukosefu wa vitamini D, huwa ya miguu yote miwili. Mguu mmoja tu uliopinda mbele na nje, chini ya goti, kwa mtoto mwenye mabaka, huo ni wa kupelekwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu mfupa huo ukivunjika huwa mgumu kuunga. Usimpeleke kwa mganga wa viungo akaunyooshe kwa kukanda. Wakandaji wetu wanajua kazi yao kwa miguu iliyoteguka. Mfupa huu hauko katika elimu yao.

Macho: kengeza iliyojitokeza karibuni, jicho moja lililochomoza kuliko jingine, mtoto anayekaribia sana televisheni au anayejikwaa vitu vilivyoko upande mmoja. Watoto wadogo wenye NF1 wanaweza kuota uvimbe kwenye neva ya jicho, mara nyingi kabla ya miaka saba, na mtoto mdogo hasemi haoni kwa sababu hajui kuona kwingine kukoje. Kuna vinundu vidogo kwenye mduara wa rangi ya jicho, viitwavyo vinundu vya Lisch, lakini hivyo havionekani kwa macho matupu. Vinahitaji mashine ya daktari wa macho. Havidhuru uoni, kazi yake ni ya ushahidi tu.

Mwinamishe mtoto mbele, mikono ikining'inia, utazame kama upande mmoja wa mgongo umeinuka. Mpapase kwa upole: kuna uvimbe laini chini ya ngozi, kama mfuko wa nyuzi, hasa chini ya baka kubwa? Fungua kijitabu cha kliniki uone mzingo wa kichwa ulivyokwenda.

Halafu wajikague wazazi wenyewe. Hapa ndipo watu husitasita. Karibu nusu ya wenye NF1 wameirithi kwa baba au mama, na nusu nyingine wamepata badiliko jipya la jeni ambalo halikuwepo kwa mzazi yeyote. Baba aliyeishi miaka arobaini na mabaka mgongoni na vinundu kumi tumboni, akivua samaki bila shida, anaweza kuwa nayo na hajui. Mara nyingi mama huja peke yake na kusema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki," na hiyo ni kweli kwa upande wake. Upande wa pili hakuna aliyevuliwa shati.

Hatua ya tano: kwenda hospitali

Anzia kituo kilicho karibu, iwe zahanati, hospitali ya Faza, ya Mpeketoni, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lamu tunayoiita King Fahd. Unachokitaka hapo ni macho ya afisa wa kliniki au daktari na barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa watoto. Usifunge safari ya Mombasa kwa kubahatisha. Madaktari wa ngozi, wa macho na wa neva huwa na siku zao, na ukivuka Mokowe usiku, ukapanda basi, ukafika Coast General siku isiyo yake, nauli imekwenda na mtoto amechoka bure. Piga simu, au mwombe aliyekuandikia barua apige. Hakikisha pia mtoto ameandikishwa chini ya jina lako kwenye SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, maana hilo halifanyiki vizuri ukiwa dirishani na foleni iko nyuma yako.

Beba daftari lako, kijitabu cha kliniki na picha. Useme kwa ufupi: "Ana mabaka saba yanayozidi milimita tano, mawili yalikuwapo alipozaliwa, mengine yametokea kabla ya mwaka. Babake anayo matatu na vinundu." Sentensi hizo mbili zitakupa dakika ishirini za daktari badala ya tano. Ukiambiwa, "Hizo ni alama za kuzaliwa tu, mama," bila mtoto kuvuliwa nguo, omba kwa adabu azihesabu. Kwa binti mkubwa, una haki ya kuomba daktari mwanamke au muuguzi awepo.

Daktari atamkagua mwili mzima, atapima presha, urefu, kichwa, ataangalia mgongo na miguu, na atakuandikia daktari wa macho. Kipimo cha skani ya ubongo hakifanywi kwa kila mtoto mwenye mabaka. Hufanywa kukiwa na dalili, na kwa mdogo mara nyingi humlazimu kulazwa usingizi, kwa hiyo usikidai kama zawadi. Kipimo cha jeni kwa damu kipo, ila si hospitali zote na si bei rahisi. Husaidia pale jibu linapokosekana, hasa kuitenga NF1 na ugonjwa wa Legius, uliotambuliwa mwaka 2007, unaotoa mabaka na vidoa vya kwapani lakini hauleti uvimbe. Ndiyo maana mabaka na vidoa peke yake, bila dalili nyingine, humfanya daktari angoje kabla ya kutamka.

Kungoja huko huwakera watu. Lakini dalili za NF1 huja kwa zamu, kila moja na umri wake, na kufikia miaka minane karibu watoto wote walio nayo huwa wametimiza vigezo. Mtoto mwenye mabaka sita ambaye bado hajulikani hutunzwa kama aliye nayo: anaonwa kila mwaka mpaka ijulikane.

Hatua ya sita: ngozi iache

Baka halihitaji tiba. Krimu za kujichubua hazilitoi. Zitapausha ngozi ya pembeni na kulifanya lionekane zaidi, na nyingine zina zebaki. Kulichoma, kulichanja chale, kulisugua ndimu na magadi: kila moja ya hizo nimeona kovu lake. Leza ipo mijini, lakini matokeo yake hayatabiriki, baka mara nyingi hurudi, na ngozi nyeusi inaweza kubaki na alama mbaya kuliko ya mwanzo.

Jambo moja la kwetu hasa. Mabinti hulifunika baka la mkononi kwa piko kabla ya harusi. Hina ya kawaida haina neno. Piko iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele ina kemikali inayoweza kutoa malengelenge, na baada yake hubaki alama ya mchoro wenyewe, miezi na miezi. Unakwenda kuficha doa moja unarudi na maua mazima.

Hatua ya saba: ikiwa ni NF1

Mtandao utakuonyesha picha za kutisha, na mapema sana utafikishwa kwa Joseph Merrick, Mwingereza aliyefariki mwaka 1890. Kwa miaka mingi ilidhaniwa alikuwa na ugonjwa huu. Wataalamu wa leo wanaona alikuwa na mwingine kabisa. Wengi wenye NF1 wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa na wanazeeka, na hata ndani ya nyumba moja hakuna wawili walio sawa: mama ana mabaka tu, mwanawe ana uvimbe mkubwa, au kinyume chake. Hauambukizi. Mtu mwenye vinundu usoni anayeuza samaki sokoni hakuambukizi kwa kupokea noti.

Kila mwaka mtoto apimwe presha, urefu, mgongo na ngozi, na mpaka afike miaka minane hivi aonwe pia na daktari wa macho. Chagua mwezi usiosahaulika. Wengine wameshikilia mwezi baada ya Maulidi, wageni wakishaondoka na boti zikiwa na nafasi. Katikati ya hapo, usingoje mwaka ukiona uvimbe unaokua haraka, unaouma hata usiku au uliokuwa laini ukawa mgumu, maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi, kifafa, uoni kupungua, udhaifu wa mkono au mguu, au balehe kabla ya miaka minane kwa binti na tisa kwa mvulana.

Kwa uvimbe mkubwa wa neva kwa watoto ambao hauwezi kupasuliwa, sasa kuna dawa ya kumeza, selumetinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wa kuanzia miaka miwili. Ni ghali, si ya mabaka, na si ya kila mtoto. Muulize daktari kama inamhusu wako.

Shule ndiyo inayosahauliwa kuliko yote. Nusu ya watoto hawa au zaidi hupata ugumu wa kusoma, kuandika, kuhesabu au kutulia, ingawa akili zao ni za kawaida. Mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, ataona mtoto asiyeshika herufi, atadhani ni mtukutu, na fimbo itafanya kazi. Nenda ukaonane na ustadhi na mwalimu wa shule mapema, kabla ya ripoti ya kwanza. Aketi mbele, apewe maelekezo moja moja, apewe muda.

Na daftari lako usilitupe akikua. Mwenye NF1 akifikia kuoa au kuolewa anapaswa kujua kwamba kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithisha, na mchumba ana haki ya kuelezwa na daktari badala ya kuelezwa na mtaa. Binti akishika mimba amwambie mkunga tangu siku ya kwanza ya kliniki, kwa ajili ya presha, na vinundu vinaweza kuongezeka wakati huo. Wanawake wenye NF1 hupata saratani ya matiti mapema kuliko wengine, kwa hiyo kipimo cha picha ya matiti kwao huanza wakiwa na miaka 30, bila kungoja uvimbe.